Sura ya Saba: Kuikinga Ngozi na Jua Mchana Kutwa

1. Utangulizi

Katika sura iliyopita tulijifunza kwamba ngozi ni kiungo kinachoufunika mwili mzima. Tuliona kwamba ngozi huzuia vijidudu visiingie mwilini, hutoa jasho, na hutuwezesha kuhisi joto, baridi na maumivu. Katika sura hii tutajifunza jinsi mwanga wa jua unavyoweza kuidhuru ngozi, na namna ya kuikinga tangu asubuhi hadi jioni.

Jua lina manufaa mengi. Mimea hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula. Nafaka, samaki na nguo hukaushwa kwa jua. Ngozi yetu nayo hutumia mwanga wa jua kutengeneza vitamini D, ambayo huimarisha mifupa. Lakini mwanga huohuo ukizidi huunguza ngozi, na madhara yake yakirudiwa kwa miaka mingi huweza kuleta ugonjwa wa saratani, ambao wengi huuita kansa.

Wako wenzetu ambao hatari hiyo kwao ni kubwa kuliko kwa watu wengine. Hao ni watu wenye ualbino. Huenda mmoja wao ni mwanafunzi wa darasa lako, au ndugu yako, au ni wewe mwenyewe. Kwa hiyo somo hili si la kukaririwa kwa ajili ya mtihani tu. Ni somo la kutendwa kila siku.

2. Mwanga wa jua una nini ndani yake?

Umekwisha kuona upinde wa mvua. Rangi zake ni nyekundu, rangi ya machungwa, njano, kijani, buluu, nili na urujuani. Rangi hizo zote zimo ndani ya mwanga wa jua, na macho yetu huziona pindi mwanga unapotawanywa na matone ya maji.

Zaidi ya rangi hizo, jua hutoa mionzi ambayo macho hayaioni. Mwaka 1801 mwanasayansi wa Ujerumani aliyeitwa Johann Wilhelm Ritter alifanya jaribio la kuichunguza. Aliutawanya mwanga wa jua kwa kioo cha pembe tatu ili rangi zake zionekane. Kisha akaweka karatasi iliyopakwa chumvi ya fedha, ambayo hugeuka kuwa nyeusi inapopigwa na mwanga. Aliona kwamba karatasi iligeuka nyeusi upesi zaidi mahali palipopita rangi ya urujuani, ambapo macho hayakuona mwanga wowote. Hapo akatambua kwamba ipo mionzi isiyoonekana.

Mionzi hiyo huitwa mionzi ya urujuanimno, yaani mionzi iliyopita urujuani. Hii ndiyo mionzi inayounguza ngozi. Tukumbuke mambo mawili:

(a) Mionzi ya urujuanimno haionekani kwa macho.

(b) Mionzi ya urujuanimno haileti hisia ya joto. Joto la jua tunalolihisi huletwa na mionzi ya namna nyingine.

Kwa sababu hizo mbili mtu huweza kuungua bila kujua kwamba anaungua. Tena wekundu na maumivu havitokei mara moja. Huanza baada ya saa chache, na huzidi siku inayofuata. Mtu akisubiri mpaka ahisi maumivu ndipo atafute kivuli, atakuwa amekwisha kuchelewa.

3. Rangi ya ngozi na kazi yake

Ngozi ina tabaka mbili kubwa, ngozi ya nje na ngozi ya ndani. Chini kabisa ya ngozi ya nje zimo seli zinazotengeneza rangi iitwayo melanini. Melanini ndiyo huipa ngozi weusi au wekundu wake. Imo pia katika nywele na katika macho.

Melanini hufanya kazi kama mwavuli. Huipokea mionzi ya urujuanimno na kuizuia isifike kwenye sehemu nyeti za seli. Mtu mwenye melanini nyingi huwa na ngozi nyeusi, naye hukingwa zaidi. Mtu mwenye melanini kidogo huungua upesi.

Hata hivyo, melanini haizuii mionzi yote. Mvuvi au mkulima mwenye ngozi nyeusi anayeshinda juani kutwa bila kofia naye huweza kuungua usoni na midomoni. Macho yake pia huweza kudhurika. Mionzi ya urujuanimno ni mojawapo ya mambo yanayochangia ugonjwa wa mtoto wa jicho, unaowapofusha wazee wengi. Kwa sababu hiyo kila mmoja wetu anahitaji kujikinga.

4. Ngozi yenye melanini kidogo sana

Mtu mwenye ualbino huzaliwa akiwa na melanini kidogo sana au akiwa hana kabisa. Ngozi yake huwa nyeupe, nywele zake huwa nyeupe au za manjano, na macho yake huumizwa na mwanga mkali. Wengi wao hawaoni vizuri vitu vilivyo mbali. Hukadiriwa kwamba nchini Tanzania mtu 1 kati ya watu 1,400 hivi ana ualbino.

Ualbino hurithiwa kutoka kwa wazazi. Mtoto huupata anapopokea urithi huo kwa baba na kwa mama pia, hata kama wazazi wote wawili wana ngozi nyeusi. Ualbino si ugonjwa wa kuambukiza. Haupatikani kwa kugusana, kula pamoja au kulala kitanda kimoja. Wala si laana. Mtu mwenye ualbino ana akili na nguvu kama watu wengine. Anachopungukiwa ni ule mwavuli wa melanini.

Kwa kuwa mwavuli huo haupo, jua kali huweza kuiunguza ngozi yake kwa dakika chache tu. Madhara hayo hujumlishwa siku hadi siku. Kwanza ngozi huwa nyekundu na kuuma. Baadaye hukakamaa, hupasuka na kutoa madoa na magamba. Hatimaye huweza kutokea vidonda visivyopona, ambavyo ni dalili ya saratani. Katika nchi zenye jua kali kama yetu, watu wengi wenye ualbino wamepatwa na saratani ya ngozi wakiwa bado vijana, na wengi wamefariki mapema kwa ajili yake.

Jambo la kutia moyo ni kwamba saratani hiyo inaweza kuzuiwa. Mtoto anayekingwa vizuri tangu utotoni anaweza kukua, kusoma, kufanya kazi na kuzeeka akiwa na ngozi yenye afya.

5. Jua huwa kali wakati gani?

Asubuhi na jioni miale ya jua huja kwa kulala, nayo hupita katika hewa nyingi kabla ya kutufikia. Hewa hiyo hupunguza mionzi ya urujuanimno. Mchana jua huwa juu ya kichwa, na miale hupita katika hewa kidogo zaidi. Kwa hiyo mionzi inayotufikia huwa mingi.

Je, tutajuaje saa ya hatari? Fanyeni jaribio lifuatalo.

*Jaribio la 1: Kupima kivuli*

Vifaa: Fito iliyonyooka, futi kamba au rula, daftari na kalamu.

Njia:

1. Chagueni mahali tambarare pasipo na kivuli katika uwanja wa shule.

2. Simikeni fito ardhini iwe wima. Sehemu iliyo juu ya ardhi iwe na urefu wa sentimita 100.

3. Kila baada ya saa moja, tangu saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni, pimeni urefu wa kivuli cha fito.

4. Pimeni haraka, kisha rudini kivulini. Mwandishi wa jedwali akae chini ya mti au barazani, na wenzake wamsomee vipimo. Mwanafunzi mwenye ualbino anafaa kupewa kazi hiyo ya uandishi.

5. Andikeni saa katika safu ya kwanza na urefu wa kivuli katika safu ya pili.

Onyo: Usilitazame jua kwa macho. Linaweza kukupofusha.

Matokeo: Mtaona kwamba kivuli ni kirefu asubuhi, hupungua mpaka kinakuwa kifupi kabisa, kisha hurefuka tena. Zungusheni duara kila kipimo kilicho chini ya sentimita 100. Saa hizo ndizo saa za jua kali.

Uamuzi: Kivuli chako kikiwa kifupi kuliko kimo chako, jua ni kali. Ondoka juani.

Kanuni hii ni bora kuliko kutazama saa peke yake, kwa maana jua halifiki juu kwa wakati mmoja kila mahali. Saa zetu za Tanzania hufuata mstari wa longitudo 45 Mashariki, na mstari huo hupita mashariki ya nchi yetu yote. Kwa hiyo jua huchelewa kufika juu kabisa. Jijini Dar es Salaam hufika kiasi cha saa 6 na dakika 20 mchana. Dodoma hufika karibu na saa 6 na nusu. Kigoma, iliyo magharibi kabisa, hufika karibu na saa 7. Mwanafunzi wa Kigoma anayedhani kwamba hatari imekwisha saa 9 alasiri atakosea, lakini kivuli chake hakitamdanganya.

6. Mambo yanayotudanganya

Watu wengi hudhani kwamba jua linaunguza pale tu hewa inapokuwa na joto. Dhana hii si sahihi. Tuangalie mambo manne.

(a) *Baridi ya milimani.* Mahali palipoinuka pana hewa nyembamba, na hewa nyembamba huzuia mionzi kidogo. Kila tunapopanda mita 1,000, mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa kiasi cha asilimia 10. Njombe na Makete zina baridi kuliko Tanga, lakini mionzi ya adhuhuri huko ni mikali. Mtu anayeota jua huko ili apate joto yumo hatarini.

(b) *Mawingu.* Wingu jepesi huzuia joto, lakini huipitisha sehemu kubwa ya mionzi ya urujuanimno. Siku ya mawingu mepesi si siku ya kuacha kofia nyumbani.

(c) *Mchanga na maji.* Mchanga mkavu wa pwani hurudisha juu kiasi cha asilimia 15 ya mionzi inayoupiga. Povu la bahari hurudisha kiasi cha asilimia 25. Mtu aliyevaa kofia pwani huweza kuunguzwa kidevu na shingo kutoka chini.

(d) *Kivuli chepesi.* Mti wenye majani machache, kama mgunga, hupitisha miale mingi. Mwembe wenye majani mengi hutoa kivuli kizuri. Ukiwa chini ya mti tazama ardhini. Ukiona madoa mengi ya mwanga, kivuli hicho hakitoshi.

7. Nguo ipi hukinga vizuri?

*Jaribio la 2: Kuchunguza vitambaa*

Vifaa: Karatasi ya manila yenye rangi ya buluu au nyekundu, kipande cha chandarua, kipande cha kaniki au kitambaa kingine kizito cheusi, kipande cha ubao na mawe madogo.

Njia:

1. Gawanya karatasi katika sehemu nne.

2. Sehemu ya kwanza iache wazi. Ya pili ifunike kwa chandarua. Ya tatu ifunike kwa kaniki. Ya nne ifunike kwa ubao.

3. Weka mawe juu ya pembe ili upepo usipeperushe vifaa.

4. Acha karatasi juani kwa siku tano. Kila jioni iingize ndani isiloweshwe na mvua au umande. Kila asubuhi ifunike tena kama ilivyokuwa.

5. Siku ya tano ondoa vifuniko na linganisha rangi.

Matokeo: Sehemu iliyoachwa wazi imepauka. Sehemu iliyofunikwa kwa chandarua nayo imepauka. Sehemu zilizofunikwa kwa kaniki na kwa ubao zimebaki na rangi yake, au zimepauka kidogo tu.

Uamuzi: Kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi zilizobanana huzuia mwanga wa jua kuliko kitambaa chenye matundu.

Karatasi haina uhai kama ngozi, lakini jaribio hili linatufundisha namna ya kuchagua nguo. Shika nguo uielekeze kwenye mwanga wa dirisha. Ukiona vitu vilivyo upande wa pili kupitia nguo hiyo, haifai kwa kujikinga. Nguo ya rangi iliyokolea hukinga kuliko nyeupe iliyo nyepesi. Nguo ya pamba iliyolowa maji hupitisha mionzi zaidi kuliko ikiwa kavu. Kwa hiyo anayefua au kuchota maji abadili nguo zikilowa.

Onyo: Usifanye jaribio lolote la jua juu ya ngozi ya mtu.

8. Kinga nne

Hakuna kinga moja inayotosha peke yake. Zitumie zote nne pamoja.

*Kinga ya kwanza: Kivuli.* Panga kazi za nje zifanyike asubuhi na mapema au jioni. Saa za jua kali kaa ndani, barazani au chini ya mti wenye majani mengi.

*Kinga ya pili: Nguo.* Vaa shati au blauzi ya mikono mirefu yenye ukosi, na suruali au sketi ndefu. Vaa soksi na viatu ili kufunika nyayo na vifundo.

*Kinga ya tatu: Kofia na miwani.* Kofia iwe na ukingo mpana pande zote, kama kofia ya pama iliyosukwa kwa ukindu. Kofia yenye ukingo wa mbele tu huacha masikio na shingo wazi. Miwani ya jua hulinda macho, mradi iwe imetengenezwa kuzuia mionzi ya urujuanimno. Miwani yenye weusi tu bila kinga hiyo haifai.

*Kinga ya nne: Mafuta ya kujikinga na jua.* Mafuta haya hupakwa mahali ambapo nguo hazifuniki. Hayo si sawa na mafuta ya nazi au mafuta ya mgando, ambayo hulainisha ngozi lakini hayatoshi kuikinga. Juu ya chupa huandikwa herufi SPF na namba. Namba 30 maana yake ni kwamba, yakipakwa ya kutosha, sehemu 1 tu kati ya 30 za mionzi inayounguza ndiyo hupita. Mtu mwenye ualbino atumie mafuta ya namba 30 au zaidi.

Katika miaka ya 2010 mafuta ya namna hiyo yalianza kutengenezwa nchini mwetu, katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, mahsusi kwa watu wenye ualbino.

Mafuta hupakwa hivi:

1. Paka dakika 20 hadi 30 kabla ya kutoka nje.

2. Paka ya kutosha. Kwa mtu mzima, uso na shingo huhitaji kiasi cha kijiko kimoja cha chai.

3. Usisahau masikio, nyuma ya shingo, midomo na migongo ya mikono.

4. Ukiwa nje, paka tena kila baada ya saa 2. Paka tena pia baada ya kutoka jasho jingi, kuoga au kujifuta kwa taulo.

5. Yasikupe ujasiri wa kukaa juani kwa muda mrefu. Mafuta hukamilisha kazi ya nguo na kivuli. Hayachukui nafasi yake.

9. Siku nzima ya mwanafunzi

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa Dodoma mwenye ualbino. Tumwite Neema. Ni siku ya shule. Tumfuate tangu asubuhi.

*Saa 12 na nusu asubuhi.* Neema ameoga. Mama yake anamsaidia kupaka mafuta usoni, masikioni, shingoni na mikononi. Anavaa sare yenye mikono mirefu, soksi ndefu na kofia yake. Chupa ya mafuta anaitia mkobani.

*Saa 1 asubuhi.* Anakwenda shuleni pamoja na wenzake. Vivuli vyao ni virefu, kwa hiyo jua bado si kali.

*Saa 1 na nusu.* Wanafunzi wanasimama mstarini. Darasa lake limepangiwa upande wa mwarobaini, penye kivuli. Mwalimu hakumtenga Neema peke yake, bali amelihamisha darasa zima.

*Saa 4 na nusu.* Ni wakati wa mapumziko. Neema anapaka mafuta tena kabla ya kutoka. Anakunywa uji chini ya mwembe akiwa amevaa kofia, kwa sababu mionzi mingine hurudishwa kutoka ardhini.

*Saa 5 hadi saa 8 mchana.* Yumo darasani. Ameketi mbele ili aone ubao, mbali na dirisha linaloingiza jua.

*Saa 8 na nusu.* Shule imefungwa. Huu ndio wakati mgumu wa siku yake, kwa kuwa kivuli chake ni kifupi kuliko kimo chake. Neema anapaka mafuta kwa mara ya tatu, kisha anabaki maktaba na rafiki zake wawili wakifanya kazi ya nyumbani.

*Saa 10 jioni.* Vivuli vimerefuka. Anavaa kofia na kuondoka. Akiwa ametoka jasho, hupaka mafuta tena kabla ya kwenda kuchuma mboga bustanini.

Angalia jambo moja. Neema hakukosa masomo, mchezo wala kazi. Alichobadili ni saa na mahali pa kuzifanya. Lakini kama angesahau kofia kwa adhuhuri moja tu, au kama angeamriwa kufyeka uwanja saa 7 mchana, kazi yote ya asubuhi isingemsaidia kwa saa hiyo. Kinga ya ngozi ni ya mchana kutwa.

10. Wajibu wa shule na wa nyumbani

Mtoto hawezi kujikinga peke yake. Anahitaji watu wanaomzunguka wajue wanalopaswa kufanya.

Mwalimu ampe mwanafunzi mwenye ualbino ruhusa ya kuvaa kofia na mikono mirefu hata kama sare ya wengine ni tofauti. Kazi za zamu zigawanywe kwa haki: anayeondolewa kufyeka juani apewe kazi nyingine ya uzito sawa, kama kupanga vitabu au kusafisha darasa. Asipewe adhabu ya kusimama juani. Tena adhabu hiyo haimfai mtoto yeyote.

Wanafunzi wenzake wamkumbushe kofia, wacheze naye kivulini, na wamsomee ubao asipouona. Wasimcheke wala wasimwite majina ya kumdharau.

Wazazi wampeleke hospitali achunguzwe ngozi mara kwa mara, hata kama haumwi. Wakiona kidonda kisichopona kwa wiki nne, uvimbe unaokua, au doa linalotoa damu, wasikae nalo nyumbani na wasitie dawa za kubahatisha. Waende hospitali mara moja. Saratani ya ngozi ikitambuliwa mapema huweza kuondolewa na mgonjwa akapona. Ikichelewa huingia ndani ya mwili na kutibika kwa shida. Wagonjwa wengi waliofika katika hospitali za rufaa wakiwa wamechelewa walianza na kidonda kidogo tu.

Mwaka 2014 Umoja wa Mataifa uliamua kwamba tarehe 13 Juni iwe siku ya kimataifa ya kueneza uelewa juu ya ualbino, na tangu mwaka 2015 siku hiyo huadhimishwa kila mwaka. Shule yenu inaweza kuiadhimisha kwa kupanda miti ya vivuli kuzunguka uwanja. Mche wa mwembe au mwarobaini ukipandwa na kutunzwa leo utawakinga wanafunzi wa miaka ijayo.

11. Muhtasari

1. Mionzi ya urujuanimno ndiyo huunguza ngozi. Haionekani wala haileti hisia ya joto.

2. Melanini huikinga ngozi, lakini haizuii mionzi yote.

3. Mtu mwenye ualbino ana melanini kidogo sana au hana, kwa hiyo huhitaji kukingwa zaidi.

4. Kivuli chako kikiwa kifupi kuliko kimo chako, jua ni kali.

5. Kinga nne ni kivuli, nguo, kofia na miwani, na mafuta ya kujikinga na jua. Zote hutumika pamoja, mchana kutwa.

6. Kidonda kisichopona kipelekwe hospitali mapema.

12. Mazoezi

*A. Jibu maswali haya.*

1. Kwa nini mtu huweza kuungua na jua bila kujua?

2. Eleza jaribio alilolifanya Ritter mwaka 1801. Aligundua nini?

3. Kaka mmoja anaishi Makete. Anasema, "Huku kuna baridi, jua haliwezi kuniunguza." Mweleze kosa lake.

4. Kwa nini kanuni ya kivuli ni bora kuliko kutazama saa peke yake?

5. Taja sehemu nne za mwili ambazo watu husahau kuzipaka mafuta.

*B. Fanya hesabu.*

6. Mkulima mwenye ualbino anapaka mafuta saa 1 na nusu asubuhi. Yuko nje na anapaka tena kila baada ya saa 2. Anarudi nyumbani saa 10 jioni. Amepaka mara ngapi?

7. Kimo cha Neema ni sentimita 130. Kivuli chake kina sentimita 95. Je, aendelee kucheza uwanjani? Toa sababu.

*C. Kazi ya kufanya.*

8. Chora ramani ya shule yenu. Tia alama mahali penye kivuli kizuri saa 4 asubuhi, saa 6 mchana na saa 9 alasiri. Je, vivuli vinavyopatikana vinatosha wanafunzi wote?

9. Pamoja na mwalimu wako, tazama ratiba ya kazi za nje za shule. Andika kazi zinazofanywa wakati wa jua kali. Pendekeza saa nyingine kwa kila kazi, kisha mpelekeeni Mwalimu Mkuu mapendekezo yenu.